Chama kimetusahau, sisi watu wa chini tunakigeuzaje?

Boda wa Malaba

Wandugu habari za jioni. Mi ni mtu wa boda hapa Malaba upande wa Uganda, nina swali na naomba msinicheke. Kadi ya chama ninayo tangu 2009. Jina la chama sitaji, kila mtu hapa atafikiri ni chake na pengine ni kweli. Kampeni ya 2011 nilibeba watu kwa mafuta yangu mwenyewe, 2016 nikabandika picha za wagombea mpaka saa nane za usiku, 2021 nikapigwa na vijana wa upande mwingine jino likatoka, hili la mbele, sasa nikicheka tu wateja wanajua huyu ni mtu wa siasa.

Nimepata nini? Mbunge wetu tunamwona kwa matanga. Anakuja na kipande cha sabuni, chumvi, sukari nusu kilo kwa wafiwa, steji nzima anatupa noti mbili tugawane, dirisha la gari linapanda, kwaheri mpaka afe mwingine. Kituo cha afya ukienda unaandikiwa karatasi ukanunue dawa nje. Na huko juu ndio kabisa, wakubwa wanakaa hoteli Kampala wanakubaliana mambo yao sisi tunasikia kwa redio ati chama kimeamua. Chama gani kimeamua, na mimi ni nani? Kura za mchujo tulisimama jua la saa sita, mtu wetu akashinda mchana kweupe, jioni jina likatoka lingine.

Mama watoto anasema choma hio kadi ulale. Lakini sioni kwa nini nihame mimi, ni kama umejenga nyumba alafu mpangaji ndio anakuonyesha mlango. Safari iliyopita nilikasirika nikakaa nyumbani sikupiga kura, nikasema wacha wajue. Hakuna aliyejua. Jamaa alipita na kura chache kuliko zile za kwanza na akachinja ng'ombe vile vile.

Sasa swali langu, kuna mtu hapa ameshaona watu wa chini wakakigeuza chama chao kikaenda njia wanayotaka? Sio nadharia, nataka kujua mtu anaanzia wapi asubuhi akiamka.

Muuza Mitumba Owino

Anaanzia kwa kiberiti. Sikiliza mama watoto.

Kaka, msitu mpya nyani ni wale wale. Mimi nimepitia vyama vitatu, kofia ninazo za rangi zote nazitumia kufungia mzigo.

Mzee wa Bombo

Kijana wa Malaba pole na jino. Mimi nilikua katibu wa tawi miaka tisa kabla magoti hayajakataa kwa hio nitakwambia yale niliyoyaona na macho yangu, na huyo wa Owino namheshimu lakini mtu wa kofia tatu hajawahi kukaa kwa chama hata kimoja muda wa kutosha kujua kinafungwa wapi.

Nikuulize kwanza. Mkutano wa mwisho wa tawi lako, kijijini, sio ule wa mbunge wenye spika na nyama, ule wa kuchagua kamati, ulikua tarehe ngapi? Walikuja watu wangapi? Wewe ulikua wapi? Naamini ulikua kwa steji unasubiri abiria, na sikulaumu, chakula ni chakula. Kwetu mara ya kwanza nilipochaguliwa tulikua watu kumi na moja nyuma ya duka la saruji, na katika hao kumi na moja wanne walikua ndugu wa mwenyekiti na mmoja alikua amekuja kudai deni lake, tukamhesabu ili tupate idadi. Hao ndio walichagua kamati ya kijiji. Kamati ya kijiji ndio ilitoa watu wa kwenda muluka, wa muluka wakatoa wa gombolola, wa gombolola wakaenda wilaya, na wilaya ndio inatoa wajumbe wa kwenda Kampala kwa mkutano mkuu. Vyama vinatofautiana kidogo lakini ngazi ni hio hio. Kwa hio wale wakubwa wa hoteli unaowalalamikia, ukifuata kamba yao mpaka mwisho utakuta imefungwa pale nyuma ya duka la saruji, na hakuna anayeilinda.

Angalia FDC, chama cha upinzani, haya ni mambo ya wazi kila mtu aliyasoma. Besigye alipoacha kiti cha rais wa chama 2012 wajumbe wakachagua kati ya Muntu na Nandala Mafabi, tofauti yao haikufika kura hamsini. Muntu yeye alikua mtu wa kusema tujenge matawi kwanza. Miaka mitano baadaye, Novemba 2017, wajumbe wakamweka Amuriat, wa upande wa ukaidi, wa kusimama na serikali uso kwa uso barabarani, na mwaka uliofuata Muntu akatoka zake, ndio baadaye ukasikia chama chake cha ANT. Sisemi nani alikua sawa. Nasema piga hesabu: chama ambacho mgombea wake 2016 alitangaziwa kura zaidi ya milioni tatu na nusu kiligeuzwa njia na wajumbe mia kadhaa ndani ya ukumbi. Hao milioni walikua wapi? Walikua kwa redio kama wewe.

Sasa asubuhi ukiamka fanya hivi. Nenda kwa mwenyekiti wa tawi umwombe mambo mawili, katiba ya chama na daftari la wanachama. Katiba ya chama wanachama karibu wote hawajaiona, mimi mwenyewe nilipewa mwaka wa nne wa ukatibu na ilikua imepungua kurasa. Ndani imeandikwa uchaguzi wa tawi ni kila baada ya miaka mingapi na mkutano unaitishwaje. Daftari ndio muhimu zaidi, maana siku ya siku wanaita majina kutoka pale, hata kama umetoa meno yote kama jina halipo unaambiwa kaa kando. Na ukiambiwa hayakuhusu, Katiba ya nchi kifungu cha 71 kinasema mambo ya ndani ya chama lazima yafuate demokrasia, viongozi wa taifa wa chama wachaguliwe kila muda wake, na chama kitoe hesabu ya pesa zake zilitoka wapi na zimeenda wapi. Sio wewe mkorofi, ni Katiba ya 1995 inasema.

Sisi tuliwageuza ndugu wa mwenyekiti kwa watu ishirini na wawili tu. Ishirini na wawili! Walikua wauza nyanya, fundi baiskeli na wanawake wa kwaya. Hatukutangaza kitu, hatukutukana mtu, tulihakikisha tu majina yapo na siku hio kila mmoja amefika mapema na amekunywa chai, maana mkutano wanauchelewesha makusudi mpaka watu wenye njaa waende.

Mama Mandazi Arua

Mzee shikamoo, umesema vizuri lakini umeruka pale penye shimo. Hao wajumbe mkishawapata mnawapeleka Kampala na nini? Mimi nimewaona hapa Arua, mtu wetu tumemchagua wenyewe, mnyenyekevu, mtu wa msikiti kabisa, akapanda basi la kulipiwa, akalala hoteli ya kulipiwa, akapewa bahasha na karatasi yenye jina, akarudi anaongea kama redio ya yule aliyelipa. Na simlaumu sana, alikwenda bila hata elfu kumi mfukoni, atakula nini siku tatu Kampala? Mtu akisafiri na pesa ya mwenzake anarudi na maneno ya mwenzake.

Sisi wanawake tuko na kikundi cha kuweka akiba, kila Jumatano, thelathini na moja, wengi tunauza vyakula. Mara ya pili tukasema huyu mjumbe tutampeleka sisi. Tukachanga elfu mbili mbili na tano tano, wiki sita, tukalipa nauli kwenda na kurudi, tukampa ya chakula, na shangazi ya mmoja wetu anakaa Kawempe huko Kampala, mjumbe akalala kwake, hakukanyaga ile hoteli. Tukamwambia ukirudi utasimama hapa Jumatano utueleze umempa nani kura na kwa nini. Alirudi akasimama. Mambo ya juu kule tulishindwa, nisiwadanganye, wengine walikua wamenunuliwa mabasi mazima. Lakini wilayani mwenyekiti akabadilika, maana pale wajumbe ni wachache na wanne walikua wa kwetu, na huyu mpya akipita sokoni anasimama anasalimia kwa jina. Zamani alikua anapunga mkono tu.

Halafu nyie wanaume mnasahau, kila kamati wanataka wanawake, viti vipo, mara nyingi wanajaza jina la mke wa mtu ambaye hata hajui ameandikwa. Muulize mama watoto kabla hajawasha kiberiti, pengine ndio ana njia fupi kuliko wewe.

Boda wa Malaba

Mama hio ya nauli sikuwahi kuifikiria hata siku moja. Nimemsomea mama watoto ile ya mwisho, amenyamaza, na akinyamaza hua anafikiri.

Muuza Mitumba Owino

Hadithi nzuri, mwenyekiti wa wilaya anawasalimia kwa jina, hongereni. Lakini kijana ameuliza kuhusu njia ya CHAMA. Februari 2014 wabunge wa NRM, chama tawala, walikua Kyankwanzi wakatoka na azimio kwamba 2016 mgombea ni mmoja tu pekee, Museveni, mbunge Anite akapiga magoti, mambo yakaisha. Mbabazi, aliyedhaniwa anautaka urais, alikua katibu mkuu wa chama mwenyewe, Desemba kiti kikawa kimeondoka. Katibu mkuu wa taifa! Na nyinyi mnaniambia fundi baiskeli. Na sio huko tu, Julai 2022 Mao, rais wa chama cha DP, alitia saini ushirikiano na NRM akawa waziri wa sheria, kuna wabunge wa DP walipiga kelele hadharani, wakanyamaziwa.

Mzee wa Bombo

Hapo nakubali nusu. Juu kabisa kumefungwa kwa kufuli na ukianza kugonga pale utavunja mkono. Ndio maana sikumwambia kijana aanze na kiti cha rais wa chama. Ila hio ya DP umejijibu mwenyewe, wale waliopiga kelele walipiga kwa waandishi wa habari, na 2025 wajumbe wakakutana Mbarara wakamrudisha Mao yule yule. Kelele ilikua huku, wajumbe walikua kule.

Mwalimu wa Mbale

Samahani nimechelewa kuingia, nilikuwa nasahihisha mitihani. Nimesoma yote na ninaona mmesahau silaha ambayo mpiga kura anayo hata kama hana kadi, nayo ni adhabu. Ndugu yetu wa Malaba alikaa nyumbani akafikiri ameadhibu. Kukaa nyumbani hakuonekani kwenye fomu ya matokeo, mgombea anaona tu kwamba kazi imekuwa rahisi zaidi. Adhabu inaonekana ukienda na ukampa mwingine.

Desemba 2017 Bunge lilipoondoa kikomo cha umri wa rais, 317 kwa 97, watu wengi walikuwa wamevaa utepe mwekundu wakisema Togikwatako, yaani usiiguse, na wabunge walikuwa wamepewa milioni 29 kila mmoja ati wakashauriane na wananchi. Wengine walishauriwa wasiguse na wakagusa. Januari 2021 Buganda ikawa na majibu yake. Makamu wa rais Ssekandi akaangushwa Bukoto ya Kati na mgombea wa DP, mawaziri wakaanguka Mityana, Kalungu, Kyotera. Umri peke yake haukuwaangusha, wimbi la NUP, chama cha upinzani, lilikuwa kubwa na kulikuwa na hasira nyingine nyingi, lakini nilikuwa na jamaa Masaka wakati ule na kila mtu pale alikuwa anakumbuka mbunge wake alipiga kura gani siku ile. Wabunge waliorudi wakajua kwamba watu wana kumbukumbu ya miaka mitatu, jambo ambalo hawakulitegemea.

Njia ya pili ni mgombea huru. Bunge la 2021 lilikuwa na wagombea huru zaidi ya 70 walioshinda, na wengi wao ni watu wa chama tawala waliodhulumiwa kwenye mchujo, au wanaosema walidhulumiwa, maana hapa kwetu hakuna aliyewahi kushindwa kwa haki. Mtu wenu aliyeshinda mchana akapotea jioni, mngeweza kumsukuma asimame huru. Shida yake ni kwamba akishafika Bungeni anarudi kukaa upande ule ule, na nyinyi mnakuwa mmebadilisha sura tu, kwa hiyo kabla ya kumpa kura mwandikishe ahadi mbele ya watu.

Kitu cha tatu na hiki hakisemwi sana. Kuna wabunge wanaokubaliana na nyinyi moyoni ila wanaogopa kufukuzwa chama. 2013 NRM iliwafukuza wanne, Ssekikubo, Niwagaba, Nsereko na Tinkasiimire, na ikataka wapoteze viti pia. Kesi ilizunguka, Mahakama ya Katiba iliwatoa, lakini 2015 Mahakama ya Juu ikasema mbunge akifukuzwa na chama hapotezi kiti chake, kiti ni cha waliomchagua. Anapoteza akihama mwenyewe kwenda chama kingine. Kwa hiyo mbunge wenu akija matangani na kuwaambia "ningekataa lakini wangenifukuza Bungeni", mwambieni kwa heshima kwamba anasema uongo. Nyinyi kumwita arudi katikati ya muhula hamwezi, kifungu cha 84 kiliwekwa kufanya kazi wakati wa mfumo wa Movement tu, ule usio wa vyama, tangu tuingie vyama vingi kimelala.

Na kama mnataka mfano wa nje, Zambia 2001. Chiluba alitaka awamu ya tatu, na waliomzuia hawakuwa wapinzani peke yao, walikuwa mawaziri na wabunge wa chama chake MMD, wakaungana na makanisa na wanasheria, watu mjini wanapiga honi za magari siku za Ijumaa, wanavaa utepe wa kijani, mpaka Mei akasema basi sigombei. Sisi kabla ya 2005 wabunge walipewa milioni tano tano na kikomo cha awamu kikaondoka. Nimefundisha historia miaka mingi na bado swali hili linanisumbua, tofauti ilikuwa nini hasa. Nadhani wa Zambia walijua wana watu nyuma yao nyumbani na wa kwetu hawakuwa na uhakika.

Mama Mandazi Arua

Mwalimu hio ya mwisho ndio nilikua naisema bila historia. Mbunge ambaye hajawahi kuona watu wake wakisimama pamoja hata kwa nauli ya mjumbe, atawaamini vipi siku ya vita?

Binti wa Gulu

Mimi naongeza ndogo tu. Kundi la WhatsApp la chama chetu hapa, msimamizi ni msaidizi wa mbunge. Nikiuliza barabara, natolewa. Nikirudishwa nikiweka picha ya maua, nasifiwa. Sasa tumefungua letu la pembeni, tuko 60 na kitu, sheria moja tu hakuna kutuma maombi ya asubuhi. Tunaandika humo ahadi na tarehe alizisema wapi, na tuko na sauti yake. Akianza tena kampeni tutamchezea sauti yake kwa spika yake.

Na kaka jihadhari, mkutano wa watu ishirini mwingine ataita ni fujo. Ukikutana kutana kama kikundi cha akiba au mazishi, hakuna polisi anauliza.

Muuza Mitumba Owino

Mmenichosha. Lakini hio ya pesa mzee amegusa, kifungu gani umesema? Maana FDC ilipopasuka 2023, kundi la Najjanankumbi huku la Katonga kule, ugomvi wote ulitokana na swali moja la pesa za kampeni zilitoka wapi. Kama wanachama wa chini wangeuliza hio kila mwaka kuanzia zamani pengine isingefika pale.

Mzee wa Bombo

71. Na karibu nyumbani.

Muuza Mitumba Owino

Sijarudi, nimeuliza tu.

Boda wa Malaba

Wandugu nimerudi na habari, ni siku nne sasa. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa tawi jioni nikamkuta anakula, nikasubiri, nikaomba katiba na daftari kama mzee alivyosema. Katiba hana, alicheka kabisa. Daftari akasema liko gombolola, mke wake akasema kutoka jikoni si lile liko chini ya redio? Likatoka.

Jina langu halipo. Miaka yote, kadi ninayo, jino nimetoa, daftarini mimi si mtu. Baba yangu yupo. Mzee alifariki 2014, mwenyekiti mwenyewe alikuja kuzika, na mbele ya jina lake kuna alama kwamba amehakikiwa. Nikahesabu haraka haraka ukurasa ule, marehemu ninaowajua mimi ni saba, na mmoja alihamia Kenya kitambo anauza samaki Kisumu. Sasa naelewa jioni majina yanatokaga wapi.

Mwenyekiti akaanza kutoka jasho, akasema hakuna ubaya, ni watu wa zamani walisahau, leta watu wako waandikwe Jumamosi. Vijana kumi na wanne wa steji wamekubali, na mama watoto amesema na wa kwake wa kanisa watakuja tisa, yeye mwenyewe wa kumi, kadi yangu amenirudishia alikua ameificha. Swali langu la mwisho, si vibaya nikipiga picha hilo daftari na simu?

Mzee wa Bombo

Kila ukurasa. Na usisubiri Jumamosi, nenda leo usiku kabla mke wake hajaambiwa anyamaze.